Mwenye Gari na Gari Lake: Kiu ya Land Rover Kuukuu

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukimaliza. Mwenye Land Rover ya zamani hulijua neno hili kwa mfuko wake. Kila juma hutoa fedha kulipia petroli, wala haoni tundu zipitamo. Gari hufanya kazi, maziwa hufika mahali pake, na viazi hufika sokoni. Lakini akiketi jioni na daftari lake huona kwamba faida ya safari imeungua njiani.

Mfano na uwe mkulima wa Kinangop, uwanda ule wa juu ulio baina ya milima ya Aberdare na Bonde la Ufa. Ana Land Rover ya pikapu, ile ndefu ya inchi 109, yenye injini ya petroli ya lita 2 na robo. Magari ya namna hiyo yalitengenezwa Uingereza kwa miaka mingi: Series II tangu mwaka 1958, Series IIA tangu 1961, na Series III tangu 1971 hata 1985. Kwa hiyo hata lile lililo changa kuliko yote lina umri wa mtu mzima mwenye watoto. Mkulima huyu huenda kilomita 240 kila juma, na tanki halikai. Jirani amemshauri auze mtamba mmoja, ang'oe injini ya petroli, na kutia injini ya dizeli iliyotoka katika gari jingine. Mtamba yumo zizini, na mnunuzi yuko tayari. Swali ni hili: je, kiu ile ni ya injini yenyewe, au ni ya mambo madogo madogo ambayo hayajatazamwa kwa miaka mingi?

KWANZA APIME

Mtu asiyepima hawezi kujua kama ameponya au ameharibu. Kupima hakuhitaji chombo chochote ila kalamu na daftari. Mwenye gari na ajaze tanki mpaka petroli ionekane shingoni, gari likiwa limesimama mahali pa sawasawa, kisha aandike hesabu ya safari iliyo katika saa ya gari. Afanye kazi yake ya juma zima kama kawaida. Halafu arudi kwenye pampu ile ile, ajaze mpaka alama ile ile, na aandike lita zilizoingia. Mwendo wote ukigawanywa kwa lita hizo, jibu ni kilomita ambazo gari hupata kwa lita moja.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba saa za magari mengi ya namna hii huhesabu maili, na maili moja ni kilomita 1.6. Wa pili ni matairi. Gari likivalishwa matairi makubwa kuliko yale lililotengenezewa, gurudumu huzunguka mara chache zaidi katika mwendo ule ule, na saa huandika mwendo mfupi kuliko ule wa kweli. Hapo gari huonekana lina ulafi kuliko lilivyo. Dawa yake ni kulinganisha saa hiyo na njia ambayo urefu wake wajulikana. Tena kipimo kimoja hakitoshi. Vipimo vitatu vinavyofanana ndivyo vya kuaminika.

Land Rover ya namna hii, ikiwa na afya njema na ikienda katika barabara za kawaida, hupata kama kilomita 6 kwa lita, pengine na zaidi kidogo. Likiwa matopeni au likitumia gia nzito, hakuna ajabu kama litapata chini ya hapo. Lakini likipata kilomita 4 katika barabara njema, hilo ni gonjwa. Basi hesabu ya mkulima wa Kinangop ni hii: kilomita 240 kwa kilomita 4 kila lita ni lita 60 kwa juma, kwa kilomita 6 kila lita ni lita 40. Tofauti ni lita 20 kila juma, na katika majuma 50 ni lita 1,000. Bei ya juu ya petroli katika Kenya hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, basi kila mtu aweza kuzidisha mwenyewe. Hesabu hiyo yatosha kumfanya asubiri kabla ya kumfungulia mnunuzi wa mtamba lango.

MAGURUDUMU YAKATAAYO KUVIRINGIKA

Watu wengi wakisikia gari linakula petroli hukimbilia kufungua boneti. Ni bora kuanza chini, kwenye magurudumu, maana huko kuna hasara ambayo hakuna injini iwezayo kuishinda.

Breki za magari haya ni za ngoma katika magurudumu yote manne, nazo hukazwa kwa spana. Fundi mwenye haraka huzikaza kupita kiasi ili kikanyagio kisimame juu, na mwenye gari husifu breki kali, asijue kwamba viatu vya breki vinasugua ngoma mchana kutwa. Kuligundua jambo hili ni rahisi. Baada ya mwendo wa kilomita 10 hivi, dereva aache gari lisimame polepole lenyewe bila kukanyaga breki sana. Kisha alete kiganja karibu na kila ngoma, asiiguse kwa haraka kwa kuwa yaweza kuunguza. Ile iliyo na moto kuliko wenzake ndiyo mwizi. Baadaye gurudumu hilo liinuliwe kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono. Likisimama mara moja, breki zilegezwe au vipuri vilivyoshika kutu visafishwe.

Hapa pana neno la hadhari. Breki ya mkono ya magari haya haiko magurudumuni, bali iko nyuma ya sanduku la gia, na hushika mti wa propela wa nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, breki hiyo haizuii gari tena, nalo laweza kuteremka kutoka juu ya jeki na kumwua mtu. Kwa hiyo magurudumu yaliyobaki chini hayana budi kuwekewa mawe makubwa mbele na nyuma kabla jeki haijaguswa. Breki hiyo nayo ikikazwa mno husugua safari nzima, na dalili yake ni harufu ya kuungua chini ya kiti.

Matairi hufuata. Tairi lenye upepo mchache hujikunja kila linapozunguka, na nguvu ya kulikunja hutoka tankini. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari kwa mzigo unaochukuliwa. Tairi pana lenye meno makubwa ya matope lina sifa yake wakati wa masika, lakini katika lami ni mzigo. Mtu ambaye safari zake nyingi ni za barabara njema atapata nafuu kwa tairi jembamba la kawaida.

Mwisho ni magurudumu ya mbele. Katika magari haya injini huvuta magurudumu ya nyuma tu, mpaka kitufe cha manjano kibonyezwe. Ndipo yote manne huvuta. Hakuna meno ya kusawazisha mwendo baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa sababu hiyo, kutembeza magurudumu manne katika barabara kavu huzifanya ekseli hizo zishindane: usukani huwa mzito, matairi huliwa, na petroli huungua bure. Dereva anapotoka matopeni na asimamishe gari, avute mtaimbo mwekundu mpaka gia nzito na kuurudisha, ili kitufe cha manjano kiruke juu.

Hata kitufe kikiwa juu, magurudumu ya mbele huzungusha mashafti, meno ya ekseli, na mti wa propela wa mbele, vyote ndani ya oili nzito. Baadhi ya magari yamewekewa habu za kufungua na kufunga, ambazo huyaacha magurudumu ya mbele yazunguke peke yake. Nafuu yake ipo, lakini ni ndogo, na ina masharti matatu. Habu za pande zote mbili ziwe katika hali moja. Zifungwe mara kwa mara kwa kilomita chache, ili oili ifike viungo vya juu vya ekseli. Tena zifungwe kabla ya kuingia matopeni, maana mtu abonyezaye kitufe cha manjano hali habu zimefunguliwa atakwama kama mwenye gari la kawaida, na atatoka nje kuzifunga akiwa na tope hadi magotini.

INJINI NA HEWA NYEPESI YA JUU

Sasa boneti yaweza kufunguliwa. Kinangop ni kama mita 2,500 juu ya bahari, na huko uzito wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Kabureta haijui jambo hili. Ikiwa imepimwa kwa nchi za chini, hutoa petroli karibu kama kawaida, wakati hewa ya kuiunguza imepungua. Matokeo ni moshi mweusi, masizi katika plagi, na tanki tupu. Fundi ajuaye kazi yake aweza kubadili jeti, yaani kile kitundu kidogo kipimacho petroli, na kutia iliyo ndogo kwa hatua moja, kisha atazame plagi. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi yenye masizi ni ya petroli nyingi. Nyeupe ni ya petroli chache, nayo ni hatari, kwa kuwa injini hupata moto mno na vali huungua. Jeti ya kwanza isitupwe. Gari likipelekwa pwani kwa kazi ya muda mrefu, hapana budi irudishwe.

Lakini jeti isiguswe kabla ya kuondoa makosa mengine. Kosa la kawaida ni themostati, ule mlango mdogo unaozuia maji yasiende katika rejeta kabla injini haijapata moto. Mafundi wengi huing'oa gari linapochemka, wakaitupa, na wasitafute sababu ya kuchemka. Tangu siku hiyo injini hutembea baridi, hasa katika asubuhi za ukungu za Kinangop. Injini baridi haiunguzi petroli vizuri; nyingine huosha oili katika kuta za silinda na kuzila. Themostati ni kipuri cha bei ndogo, nayo hulipa gharama yake upesi.

Choki nayo ni kama themostati. Huvutwa asubuhi ili injini iwake, kisha dereva husahau kuirudisha, au waya wake umekauka na haurudi wote. Baadhi ya magari haya yana taa ya manjano ya kumkumbusha dereva kwamba injini imekwisha kupata moto na choki bado iko nje. Katika mengi balbu yake iliungua zamani. Balbu moja yaweza kuokoa lita nyingi.

Chujio la hewa la magari haya ni bakuli lenye oili, ambayo hukamata vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi hugeuka tope ndani yake, na injini huvuta pumzi kama mtu aliyezibwa pua. Bakuli lioshwe, na oili itiwe mpaka alama yake, wala isipite alama, maana oili ikizidi huzuia hewa pia.

Kisha moto wa plagi. Kwa injini hii nafasi ya plagi ni kama milimita 0.75 hadi 0.80, na ya pointi zilizo ndani ya distribyuta ya Lucas ni milimita 0.35 hadi 0.40. Vali zina nafasi ya milimita 0.25, injini ikiwa na moto. Moto ukichelewa, petroli huendelea kuungua wakati pistoni imekwisha kushuka, na nguvu hutoka nje kwa njia ya ekzosi. Ukiwahi mno, injini hugonga kwenye mlima. Kando ya distribyuta kuna kifuko chenye ngozi nyembamba, ambacho huuwahisha moto wakati gari linapokwenda bila mzigo mzito. Ngozi hiyo ikitoboka gari halisimami, kwa hiyo hakuna anayeshughulika. Lakini kila kilomita ya mwendo wa raha hugharimu zaidi. Fundi huipima kwa kuunyonya mpira wake: ikiwa nzima, hushika.

Kabureta ya Zenith, iliyofungwa katika mengi ya magari hayo, ina udhaifu wake. Kifuniko chake cha juu hupinda kikikazwa kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani huchakaa. Hapo petroli hupenya mahali pasipopimwa, na hakuna skrubu iwezayo kuitengeneza. Kifuniko kisawazishwe na pete ibadilishwe.

Pampu ya petroli itazamwe pia. Ngozi yake ikipasuka, petroli hushuka ndani ya oili ya injini. Mwenye gari na avute kijiti cha kupimia oili na kukinusa. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama bila mtu kuitia, asiendeshe gari hilo hata kilomita moja mpaka litengenezwe, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli huua beringi, tena moto wa gari uko karibu.

MGUU WA DEREVA

Gari likiwa zima, kilichobaki ni mguu. Land Rover ina umbo la sanduku, na hewa hulipinga sana. Upinzani huo hauongezeki sawasawa na mwendo. Mtu atokaye kilomita 70 kwa saa mpaka 90 huongeza upinzani wa hewa kwa zaidi ya nusu. Kufika sokoni dakika chache mapema hakuongezi bei ya viazi. Turubai linalopepea lifungwe vizuri, na chanja ya juu isiyo na mzigo ishushwe. Minyororo, mawe, na mitungi mitupu ikaayo nyuma mwaka mzima nayo ni abiria wasiolipa nauli.

Dereva mwema hutazama mbali. Akiuona mlima, hubadili gia kabla injini haijachoka. Akiona ng'ombe njiani, huondoa mguu mapema badala ya kukimbia na kupiga breki. Lakini kuna akiba moja ambayo ni ya mjinga, nayo ni kuzima injini au kutoa gia katika mteremko. Mtu ashukaye kutoka Kinangop kwenda Naivasha huteremka mamia ya mita, na breki za ngoma zikipata moto huacha kushika. Gia ndiyo breki yake ya kweli. Vijiko vichache vya petroli si bei ya roho ya mtu.

VITU VYA KUNUNUA

Wachuuzi hawakosi. Wako wauzao sumaku za kufunga katika bomba la petroli, na vidonge vya kutia tankini. Serikali ya Marekani, kwa idara yake ya mazingira, imepima zaidi ya vyombo mia moja vya jinsi hiyo, na ni vichache mno vilivyoonekana kuwa na faida yoyote, nayo ilikuwa ndogo. Fedha hizo zingenunua plagi nne na themostati.

Gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, kama ile ya Fairey, ni chombo cha kweli. Hupunguza mizunguko kwa zaidi ya moja ya tano katika mwendo ule ule. Yamfaa mtu wa barabara kuu ndefu. Kwa mkulima ambaye njia yake ni ya milima na mashimo, ataitumia mara chache, na bei yake ni kubwa.

Injini ya dizeli nayo kwa kawaida hula mafuta machache kuliko ya petroli. Lakini bei ya injini si gharama yote. Kuna vishikio vya kuchomelewa, sahani ya kuiunganisha na gia, rejeta, mabomba, na ufundi. Tena mabadiliko hayo hayana budi kuandikishwa NTSA, ili hati za gari zipatane na namba ya injini. Zaidi ya hayo, injini mpya haiwezi kulegeza breki inayosugua, wala kujaza upepo katika tairi. Gari gonjwa likipewa moyo mwingine litabaki na miguu ile ile.

MTAMBA AU SPANA

Basi mkulima wa Kinangop na amwambie mnunuzi angoje miezi miwili. Mwezi wa kwanza alegeze breki, ajaze upepo, atie themostati, arudishe choki, aoshe chujio, na kupanga plagi na pointi. Afanye jambo moja au mawili kwa juma, na apime kila mara, ili ajue ni lipi lililomsaidia. Mwezi wa pili atazame kabureta na jeti. Tuseme kilomita 4 kwa lita zimekuwa 5 na nusu: lita 60 za kila juma zimekuwa 44 hivi, na lita 16 zimebaki kwa mwenyewe. Hapo ataweza kuitazama tena hesabu ya dizeli bila kudanganyika, kwa kuwa sasa analinganisha injini ya dizeli na gari zima, wala si na gari gonjwa.

Pengine atakuta bado yafaa kuuza. Mtu aendaye mbali kila siku aweza kuona hivyo, na si kosa. Lakini kwa wengi mtamba atabaki zizini, atazaa, na maziwa yake yatapanda katika pikapu ile ile iliyotaka kumla. Daftari la petroli na likae ndani ya gari, pamoja na kalamu. Siku hesabu itakaposhuka tena, mwenye gari ataiona juma lile lile, naye ataanza kwa kuleta kiganja chake karibu na ngoma za magurudumu.